Mbio za Nyika Katika Mchanga wa Kunduchi

Msafiri atokaye Temeke kwenda kaskazini mwa Kinondoni hufika Kunduchi, penye magofu ya msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo. Ufukwe wake wawafaa sana wanafunzi wa sekondari wanaojiandaa kwa mbio za nyika za kufunga msimu. Hatuna miinuko ya Karatu, alikotoka Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974. Tunao mchanga. Ulio mkavu hufanya kazi ya kilima. Uliolowa, maji yakupwapo, huruhusu kasi. Ndiyo maana mwalimu makini hutazama mwezi kwanza, saa baadaye, na huanza baada ya Sala ya Alfajiri, kabla jua halijakaza.

Wiki ya mwisho ndiyo ngumu. Mazoezi hupunguzwa ili miguu ipumzike, nao vijana hudhani wanazembea. Lakini binti akirudi nyumbani akazikuta ndoo za maji zikimngoja, na kaka yake bado amelala, amepumzika wapi? Wazazi wenzangu, tumlishe mapema, tumtafutie suruali pana na ushungi usiopeperuka, na ndoo azibebe kaka.