Usiandike kwa Sikio

Tanga, Jumapili jioni

Mwanangu Rehema,

Barua yako ya kuomba kazi nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na penseli mkononi, mazoea yangu tangu enzi za taipureta. Umejieleza vizuri. Ila mstari wa pili tu umeandika “I leave in Morogoro”. Ulikusudia kusema unaishi Morogoro. Mwajiri atasoma kwamba unaondoka. Hapo panataka “live”.

Usijilaumu sana. Kiswahili kina irabu tano, kila moja na sauti yake isiyogeuka. Kiingereza kinazibebesha herufi hizo hizo sauti nyingi zaidi, ndiyo maana sikio letu linasikia “live” na “leave” kama mapacha, na “hat”, “hut” na “heart” kama watoto wa tumbo moja. Sisi tumezoea kuandika tunachosikia. Kule ukiandika unachosikia, umekwisha.

Na Waingereza wenyewe walijitakia. William Caxton alipopeleka mtambo wa kuchapa Westminster mwaka 1476, maandishi yalianza kuganda huku matamshi yakizidi kwenda zake. Ile “k” ya “knife” zamani ilitamkwa. Halafu wakaja wasomi na madoido yao. Neno “debt”, yaani deni, lilitoka Kifaransa likiandikwa “dette”, wasomi hao wakalichomekea “b” ili lifanane na Kilatini. Mimi naona ni maringo tu, lakini ukiisahau hiyo “b” mjinga ni wewe.

Kwa hiyo maneno haya yashike kwa jicho, na uwe na kidaftari. Changu kilianza kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipiga chapa barua ya mkuu wa chuo, nikamwita “The Principle”, yaani kanuni. Ilirudi imezungushiwa wino mwekundu, na bosi akaibandika ukutani wiki nzima. Tangu hapo najua kwamba “principal” ina “al” ya mwalimu. “Stationery” ya dukani ina “e” ya peni. “Stationary” ni gari lililosimama, na “a” yake ni ya simama. “Lose” ni kupoteza, nayo imepoteza “o” moja. Yenye mbili ni kulegea. “Their” na “there” nimekupigia mstari, mbinu yake tafuta mwenyewe.

Kompyuta usiitegemee. Hupigia mstari mwekundu neno lisilokuwepo, na “leave” lipo, “principle” lipo, basi mara nyingi hunyamaza. Kila neno la kidaftarini ukikutana nalo kwenye barua, simama ulihakiki.

Karatasi zako nazituma kwa basi la kesho asubuhi. Neno “receive” umelikosea mara mbili, kwa namna mbili tofauti. Hilo sikulisahihisha, kamusi yangu nimeifunga humo humo kwenye bahasha.

Shangazi yako