Mifugo Yangu Isiyoonekana

Kanisani kwetu ushuhuda una utaratibu wake: unasimama, unasema Bwana asifiwe, unaeleza ulikotolewa, unakaa. Huu wangu hauhusu pombe wala ugonjwa, na huenda mzee wa kanisa angenikatiza kabla sijafika katikati. Unahusu tangi la samaki la lita 120 lililo kwenye kibanda changu cha ufundi hapa Nyarero, na vitu ninavyojazia chujio lake.

Mimi ni fundi wa redio na simu. Tangi lilinifikia kama malipo ya deni, kutoka kwa mtumishi aliyepata uhamisho na hakutaka kusafiri na kioo. Nililiweka karibu na mlango ili wateja wapate cha kutazama wakisubiri simu zao, na wanatazama kweli. Ila huku Tarime samaki ni kitoweo. Wazee husimama mbele ya kioo, wakatikisa kichwa, wakauliza: "Mura, hawa unawalisha mpaka lini? Mbona hata kaango hawajazi?"

Ni furu. Furu wa miambani, wale ambao Wasukuma huwaita mbipi, walioletwa kwa ndoo kutoka upande wa ziwa, Rorya. Dume akishajitwalia kona yake anavaa rangi ambazo mtu asiyewahi kumwona akiwa hai hawezi kuamini, kwa sababu sokoni furu ni kitu cha kijivu kilichokaushwa. Kabla ya sangara kupandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, furu wa ziwa hili walikuwa wa aina mamia, wengi wao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Miaka ya 1980 sangara walipojaa, aina nyingi zilitoweka. Waliobaki wana wapenzi mbali kuliko tunavyodhani. Kuna furu mmoja mwenye mgongo mwekundu ambaye watafiti wa Kiholanzi walimwandika kitaalamu mwaka 1985 wakampa jina la Mwalimu Nyerere, na leo Pundamilia nyererei anafugwa kwenye vioo vya sebuleni Ulaya na Marekani. Mtoto wa Butiama anaogelea Ujerumani, na sisi wa mkoa wake tunamtafuta kwenye sufuria.

Tangi lilikuja na chujio la kopo, lile linalokaa nje na kuvuta maji kwa bomba. Ndani yake mlikuwa na pete nyeupe za kauri, na kwenye boksi lake kumeandikwa kwamba lita moja ya pete hizo ina eneo la mamia ya mita za mraba. Fundi ni mtu wa namba. Nikiona kapasita imeandikwa maikrofaradi 1,000, naipima, na mara nyingi inakaribia. Hizo mita za mraba sikuwa na kifaa cha kuzipima, nikazipokea zilivyo.

Aliyenigeuza ni binti wa kaka yangu, aliyesomea ufugaji wa samaki Gabimori, chuo cha FETA kilichoko Rorya. Alipita kunisalimia asubuhi baada ya usiku ambao umeme ulikatika, ukarudi alfajiri. Alinikuta nakaribia kuchomeka waya wa chujio.

"Shikamoo baba mdogo. Subiri kwanza, usiliwashe."

"Marahaba mwanangu. Kwa nini nisiliwashe?"

"Lifungue tulinuse."

Tukalibeba nje, nikafyatua vifungo vya kopo. Harufu ilikuwa ya yai viza. Akachukua pete moja, akaivunja kwa koleo langu la kukatia nyaya. Kwa nje ilikuwa na utando wa kahawia unaoteleza, kwa ndani kauri ilikuwa nyeupe kama siku ilipotoka dukani.

"Hawa ni mifugo, baba mdogo. Wewe unadhani unafuga samaki tu, kumbe humu una zizi zima. Ukiwafungia usiku kucha pasipo hewa, asubuhi utakuta nini? Na ungewasha, huo uozo wote ungeingia kwa samaki."

Akanieleza kwa utulivu, kwa namna ya mtu aliyewahi kufanyiwa mtihani juu ya jambo hilo. Samaki hutoa amonia, nyingi ikipitia kwenye matamvua. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu, kisha nitriti ikawa nitrati, ambayo samaki huvumilia hadi siku ya kubadilisha maji. Sergei Winogradsky, Mrusi aliyekuwa akifanya kazi Zürich, ndiye aliyewatenga bakteria hao mnamo 1890. Mwaka 2015 watafiti wa Uholanzi waligundua bakteria anayezifanya safari zote mbili peke yake, toka amonia mpaka nitrati, na walimpata kwenye chujio la mfumo wa kufugia samaki. Hilo lilinifurahisha kuliko yote. Kitu ambacho wataalamu walikitafuta muda mrefu kilikuwa kimekaa kwenye uchafu wa chujio.

Viumbe hawa ni wavivu wa kuzaana. Bakteria wa kawaida wanaoozesha chakula wanaweza kuongezeka maradufu kwa dakika ishirini, lakini hawa wa amonia huchukua karibu siku nzima. Ndiyo maana tangi jipya huhitaji majuma manne hadi sita kabla ya kutulia, na zaidi ya hapo kama maji ni ya baridi, na usiku wa Tarime baridi tunayo. Pia wanakula hewa kupita kiasi: kwa kila gramu ya naitrojeni ya amonia wanayoimaliza, hutumia karibu gramu 4.6 za oksijeni.

Hapo ndipo zile mita za mraba zilipoanza kunipungukia thamani. Bakteria mmoja ana ukubwa wa sehemu ya elfu ya milimita. Lakini hakai peke yake. Anakaa kwenye utando pamoja na wenzake, na oksijeni hupenya utando huo kwa kama sehemu ya kumi ya milimita tu, basi. Tundu la kauri lililo dogo kuliko utando wenyewe linazibwa mlangoni, na yaliyoko nyuma yake yanabaki kuwa hesabu ya boksi. Kuna vijigurudumu vya plastiki vinavyotumika kwenye mabwawa ya samaki na mitambo ya majitaka, vilivyoanzia Norway mwishoni mwa miaka ya 1980. Vile maarufu vinahesabiwa nusu mita ya mraba tu kwa lita, na vinafanya kazi kubwa kwa sababu vinazunguka, vinagongana, maji na hewa vinapita kila upande. Nusu mita inayopumua inaishinda mia iliyozibwa.

Tangu siku hiyo nikabadilisha swali. Sasa kitu chochote kikiletwa mbele yangu kuwa cha kujazia chujio, nauliza: maji yatapita humu? Hewa itafika? Umeme ukikatika kitanusurika? Na nikikiosha, watabaki?

Mawe ya kwetu nilianza nayo kwa sababu ni ya bure. Lakini Nyarero ni nchi ya matale, mawe ya kale, mazito, yasiyo na tundu. Kokoto zake hupata utando kwa nje tu, kwa hiyo unahitaji nyingi, na katikati yake uchafu hujikusanya. Zinafaa chini ya tangi. Matofali ya kuchoma ni habari nyingine. Tanuri ziko kando ya barabara na vipande vilivyovunjika hakuna anayevidai. Tofali lililoiva vizuri lina matundu ya kutosha, lisiloiva linarudi kuwa udongo. Nalilaza kwenye ndoo usiku mmoja. Maji yakiwa mekundu na kingo zikimomonyoka kwa kidole, nalirudisha barabarani.

Jiwe la kusugulia visigino, lile jepesi la volkano, ndilo lililonishangaza. Ukilivunja vipande vya ukubwa wa kokwa la parachichi na ukavitia majini, vinaelea. Lazima uvichemshe mpaka hewa itoke na vizame. Usikubali yale ya rangi ya waridi au ya kijani yanayouzwa kwenye vipakiti, kwa sababu mengi yametengenezwa kiwandani. Matundu yake ni ya saizi nyingi, makubwa na madogo, na maji yanapita. Kwa jiwe lolote nisilolijua nadondosha siki: likitoa povu lina chokaa, nalo litapandisha pH. Mkaa niliuacha. Ule wa dukani uliotayarishwa maalumu hunyonya dawa na rangi kwenye maji, kisha hushiba, na baada ya hapo kazi yake haizidi ya jiwe. Mkaa wa jikoni hata huko haufiki.

Lakini mshindi kwenye kibanda changu ni sponji. Siyo ya godoro, ambayo matundu yake yamebanana na huziba upesi, tena huwezi kujua imetiwa dawa gani. Nasema sponji ngumu nyeusi ya machujio, yenye matundu ya kuonekana kwa macho, ishirini hadi thelathini kwa inchi. Inakaa ndani ya tangi lenyewe, imevishwa kwenye bomba, na pampu ndogo ya hewa inapuliza mapovu yanayovuta maji kupitia sponji. Haina kopo la kufungia uozo. Umeme ukikatika, bado imezungukwa na maji yale yale wanayopumua samaki.

Tena hapa ufundi wangu ulipata kazi. Motor ya lile kopo ilikula wati 15. Pampu ya hewa inakula wati 4. Betri ya volti 12 na ampea-saa 7, zile zinazotolewa kwenye UPS mbovu, ina wati-saa 84 kwenye karatasi. Nikiheshimu betri nisiivute zaidi ya nusu, inanipa kama saa kumi za mapovu. Nimeunga rilei: umeme ukiondoka, betri inashika. Paneli ndogo ya sola juu ya bati inaijaza mchana. Kopo liko stoo. Nilifikiria kuliuza, nikaona nitamuuzia mtu usiku wa harufu.

Sponji huoshwa kwa kukamuliwa kwenye maji yaliyotolewa tangini, mara mbili tatu, mpaka maji ya kahawia yapungue. Ikirudi nyeusi ti, kama mpya, umewafukuza. Maji ya bomba yenye klorini hayagusi chujio kabisa, kwani klorini iliwekwa humo kwa kazi ya kuua bakteria na haibagui.

Jambo moja lilinichanganya kuliko sponji na mawe. Wakati wa masika nilikuwa natumia maji ya mvua kutoka kwenye bati, mazuri, meupe. Samaki wakaanza kulegea ilhali chujio linanuka vizuri, harufu ya udongo uliopata mvua. Vipimo vyangu, vichupa vya kudondoshea rangi vilivyotoka Nairobi kwa basi kupitia Sirari, vikaonyesha amonia ipo na pH imeshuka chini ya 6. Binti yangu akaniambia kwa simu kwamba bakteria hawa hula pia ile alikali ya maji, takriban gramu saba kwa kila gramu ya naitrojeni, na maji ya mvua hayana akiba hiyo. Ikiisha, maji yanakuwa na asidi na wao wanagoma.

Nikataka nimwagie tangini maji ya kisima mara moja ili pH ipande. Akanizuia. Kwenye asidi amonia nyingi hukaa katika hali isiyo na madhara makubwa. Kwa joto la nyuzi 25, kwenye pH 7 ni kama nusu asilimia yake tu iliyo sumu kali, na kwenye pH 8 inafika asilimia tano. Kupandisha pH ghafla amonia ikiwa bado ipo ni kuwaua samaki kwa nia njema. Nilipandisha kidogo kidogo, kikombe kwa kikombe, na ndani ya chujio nikaongeza kifuko cha magamba ya konokono wa ziwani, yale yanayouzwa kwa wafugaji wa kuku. Yanayeyuka polepole kadiri asidi inavyokuja. Furu wa Ziwa Victoria hata hivyo wamezoea maji ya pH ya 7 kwenda juu, kwa hiyo magamba yamebaki humo.

Ninachoshuhudia kilichobadilika kwangu ni macho. Zamani maji yakiwa meupe nilijua mambo ni mazuri. Sasa maji meupe hayaniambii kitu, maana amonia haina rangi. Asubuhi naangalia mapovu kwanza, halafu matamvua ya samaki yanavyokwenda, halafu ndiyo naangalia uzuri. Na uchafu wa kahawia, ambao mke wangu bado anaona ni aibu mbele ya wateja, naulinda.

Mwalimu wa baiolojia wa sekondari alikuja hivi karibuni kuomba mbegu ya kuanzishia tangi la maabara. Nilimkatia robo ya sponji, nikamfungia kwenye kitambaa chenye unyevu ndani ya ndoo iliyo wazi. Wengine wanaotaka nawaambia hivyo hivyo: njoo na chombo kisichobana mfuniko, usipitie sokoni wakati wa kurudi, na uwe tayari na samaki wawili watatu wa kuwapa bakteria chakula siku hiyo hiyo, kwa sababu tangi lisilo na amonia litawaua kwa njaa.