Bolti za Land Rover ya Baba

Baba alituachia Land Rover Series III ya mwaka 1974, na ndugu zangu walitaka iuzwe kama chuma chakavu. Nikaomba mwaka mmoja. Sikutaka gari la maonyesho. Nilitaka gari la kumpeleka mama Ilongero na kumrudisha salama, yeye na viroba vyake vya alizeti. Kila mtu akawa ananiuliza habari za injini, wakati kichwa kilikuwa kinaniuma kwa ajili ya bolti.

Singida mjini bolti zipo tele, ila nyingi ni za milimita, maana maduka yanaishi kwa pikipiki na Toyota. Gari hili sehemu kubwa limefungwa kwa bolti za inchi. Chukua ya inchi 5/16: unene wake ni kama milimita 7.9. Iweke pembeni ya bolti ya milimita 8, macho hayaoni tofauti. Lakini meno yake ni ya karibukaribu zaidi, na hata spana si moja: hii nusu inchi, ile namba 13. Ukiifunga ya milimita kwenye nati ya inchi, inazunguka mara moja, mara mbili, halafu inagoma. Wapo wanaochomeka bomba kwenye spana na kulazimisha. Meno yanaharibika ndani, ila kwa nje unaona imekaza.

"Bolti ya hivyo, mwanangu, inasubiri mteremko wa Sekenke," fundi wangu aliniambia.

Tukaagiza za inchi kutoka Dar es Salaam, zikaja na basi. Likabaki suala la mng'ao. Kaka yangu alitaka stenlesi kila mahali, tuagane na kutu. Hoja yake ilikuwa na uzito: mji wetu umekaa kando ya Singidani na Kindai, maziwa ya maji ya chumvi. Lakini stenlesi ya kawaida madukani, yenye alama A2-70, hupimwa kwa nguvu ya newtoni 700 kwa kila milimita ya mraba. Bolti ya chuma yenye 8.8 kichwani ni 800. Tena bodi ya Land Rover ni alumini. Stenlesi ikigusana nayo penye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe kuzunguka tundu.

Zinki ina tabia nyingine. Inaliwa yenyewe kwanza ili chuma kibaki. Haing'ai muda mrefu, inafifia mpaka inakuwa ya kijivu. Fundi aliponieleza hilo nilinyamaza. Nilimkumbuka mwenye gari, na shati lake moja la kazi, miaka ile sisi tulipokuwa tunashonewa sare mpya.

Basi tukagawa. Usukani, springi na breki: bolti ngumu mpya zenye zinki. Milango na bodi: zinki pia, na washa za plastiki katikati. Stenlesi ikaenda kwenye vitu visivyobeba mzigo, kama kibao cha namba. Bolti za viti zilikuwa nzima. Tukazisugua kwa brashi ya waya, tukazipaka grisi, tukazirudisha.

Baada ya safari ya kwanza tulikagua na kukaza nati zote upya, maana bolti mpya hulegea kidogo zikishazoea mahali pake. Kaka ndiye aliyeshika ile spana ya nusu inchi.