Chakula cha Njiani

Msafiri aendaye kwa miguu katika misitu ya Tshopo hubeba chakula chake begani. Kikiwa kingi mno, kitamchosha. Kikiwa kidogo, njaa itamkuta katikati ya njia. Kwa sababu hiyo safari njema huanza jikoni, siku kadhaa kabla ya kuondoka.

Tumtazame mama mmoja wa Kisangani. Mume wake na mwanawe watakwenda kuwasalimu ndugu zao kijijini, mwendo wa siku 3. Kwanza mama hufanya hesabu. Watu 2, siku 3, milo 2 kila siku: jumla sehemu 12. Kisha huongeza sehemu 2, kwa maana mvua yaweza kunyesha, mto ukajaa, na mtumbwi usiweze kuvuka.

Baada ya hesabu, huchagua vyakula. Haweki ndizi mbichi, ingawa watu wa mjini hupenda sana lituma, yaani ndizi zilizopikwa na kupondwa. Ndizi ni nzito, na maganda yake hayaliwi. Haweki samaki wabichi, maana huoza upesi kwa joto. Huweka samaki waliokaushwa kwa moshi, kama wale wanaovuliwa na Wagenya katika maporomoko ya mto. Huweka pia karanga, chumvi na pilipili, kila kitu katika kifurushi chake. Lakini chakula kikubwa ni kwanga.

Mtoto huuliza, “Mama, mbona tusichimbe mihogo njiani?”

Mama hujibu, “Mwanangu, mashamba yana wenyewe. Tena mihogo ya uchungu haimfai mwenye haraka.”

Mama asema kweli. Mihogo ya uchungu ina sumu. Ili kuiondoa, watu huiloweka majini siku 3 au 4, mpaka ilainike. Kisha huondoa nyuzi, huitwanga, huikanda, huifunga katika majani mapana ya mwituni, na kuipika kwa mvuke saa nyingi. Hiyo ndiyo kwanga. Hukaa siku kadhaa bila kuharibika, wala haihitaji kupikwa tena. Kazi ambayo msafiri hana nafasi ya kuifanya njiani, imekwisha kufanyika nyumbani.

Wako watu waliokufa kwa kukosa nafasi hiyo. Mwaka 1887 Stanley alifika Yambuya, kando ya mto Aruwimi, katika nchi hii ya Tshopo. Yeye alitangulia mwituni tarehe 28 Juni, akawaacha nyuma watu wengi wamngojee. Wengi wao walikuwa wapagazi kutoka Unguja. Walingoja karibu mwaka mzima. Ghalani mlikuwa na risasi na nguo, lakini chakula chao kilikuwa hasa mihogo ya mashamba ya pale. Wenyeji walijua namna ya kuitayarisha. Wapagazi wenye njaa hawakungoja sumu itoke majini, waliila upesi. Njaa, maradhi na mihogo ile viliwaua wengi sana. Stanley aliporudi mwezi wa Agosti 1888, aliwakuta waliosalia huko Banalya, wamekonda mno.

Wapagazi hao hawakuwa wajinga. Walikuwa hodari wa kubeba mizigo. Kosa lilikuwa la wakubwa waliopanga safari, waliohesabu risasi vizuri kuliko milo ya watu wao.

Hata leo mihogo iliyotayarishwa kwa haraka yaweza kudhuru. Uko ugonjwa uitwao konzo, ambao daktari Trolli aliueleza mwaka 1938, kama ulivyoonekana huko Kwango. Humpata mtu alaye siku nyingi mihogo ya uchungu isiyolowekwa vya kutosha, tena bila samaki, nyama wala maharagwe. Miguu yake hupooza ghafula, wala haiponi. Kumbe samaki mkavu katika mzigo si anasa. Naye huilinda miguu ya msafiri.

Jioni, kabla jua halijatua, baba na mwana husimama karibu na maji safi. Mtoto hukusanya kuni kavu, baba hupanga mawe 3. Maji ya kunywa huchemshwa kwanza. Kisha samaki huoshwa, huwekwa katika sufuria pamoja na karanga zilizopondwa, chumvi na pilipili kidogo. Kwanga hufunguliwa tu, ikaliwa na mchuzi huo. Chakula kinachoharibika upesi huliwa kwanza, na kile kinachokaa huachwa kwa siku ya mwisho. Wakimaliza, huzima moto kwa maji.

Ninyi watoto, mkiagizwa safari, msiulize njia tu. Ulizeni pia siku na milo. Yule afikaye kijijini akiwa bado na kwanga moja katika kikapu, huyo amehesabu vema.