Taa ng'ambo ya Ruzizi

Juma hili vikundi vitatu vimetuletea swali moja. Kuna mtu anayepita nyumba kwa nyumba akisema serikali inalipia nusu ya pano ya jua, na kila mama atangulize dola 20 ili jina lake liandikwe. Je, tutoe makuta ya likilimba? Mbele ya kujibu, tuwasimulie safari tuliyofanya miaka michache iliyopita, ng'ambo ya mto.

Tuliondoka Bukavu asubuhi na mapema, wamama sita, tukavuka daraja la Ruzizi kwa miguu pamoja na wachuuzi wa nyanya na samaki. Mto huu ndio unaozungusha mashine za Ruzizi ya kwanza tangu miaka ya 1950, na za Ruzizi ya pili, ambayo umeme wake unagawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi. Mwenzetu mmoja akacheka: "Maji tunayo, ampuli tunazo, na delestaji nayo tunayo!"

Tulidhani ng'ambo kila nyumba inawaka. Sivyo. Tulipotoka Kamembe na kupanda milima ya Rusizi kwa pikipiki, nguzo za umeme ziliisha, ikabaki migomba na njia ya udongo mwekundu.

Mwenyeji wetu alikuwa mjane mwenye watoto watatu. Alitukaribisha kwa Kiswahili cha sokoni, akatupatia chai. Juu ya bati lake kulikuwa na pano ndogo, na ukutani kisanduku cha bateri. Ampuli moja ilikuwa sebuleni, moja chumbani, moja nje mlangoni. Alituonyesha godoro lililoungua pembeni. Zamani mtoto wake alisoma kwa taa ya utambi, akasinzia, taa ikaanguka. Mungu alisaidia, mama hakuwa amelala.

Tukamwuliza: ulipata wapi makuta ya kununua haya? Akatoa karatasi iliyokunjwa ndani ya kitenge. Ilikuwa na mistari mitatu: bei kamili, sehemu inayolipwa na serikali, na sehemu yake yeye. Msaada huo wanauita nkunganire. Wakati ule familia zilipangwa katika makundi yaitwayo ubudehe, kufuatana na hali ya maisha. Kundi la kwanza, la maskini zaidi, lilisaidiwa hadi asilimia 90 ya bei, la pili 70, la tatu 45. Sehemu iliyobaki mama huyu aliimaliza kidogo kidogo kwa simu, akisaidiwa na kikundi chake cha akiba.

Jambo moja lilitushangaza. Serikali haikumpa yeye makuta mkononi, wala haikumpa muuzaji kwanza. Muuzaji alifunga pano, kazi ikakaguliwa, ndipo akalipwa kupitia Benki ya Maendeleo ya Rwanda. Kama taa haijawaka, msaada haujatoka.

Hatusemi kule ni paradiso. Jirani yake alikuwa ameandikwa katika kundi la juu, ijapokuwa chakula chake kilikuwa kile kile, kwa hiyo sehemu yake ilikuwa kubwa. Mavuno yalipokosa, alichelewa kulipa, na kisanduku kikajifunga chenyewe. Tulimkuta amerudi kwenye mshumaa, pano ikiwa bado juu ya nyumba. Alituambia: "Waliniambia bei. Hawakuniambia nitafanya nini mwezi wa njaa." Maneno hayo tulirudi nayo darajani jioni ile, na bado tunayo.

Sasa turudi kwetu. Kongo nayo ina sheria ya umeme tangu 2014, na ina ANSER, shirika la serikali la kupeleka umeme vijijini na pembezoni mwa miji. ANSER ina mfuko uitwao Mwinda, jina la Kilingala lenye maana ya taa, uliowekwa ili kusaidia familia zipate umeme kwa bei nafuu. Kwa hiyo habari ya msaada si hadithi tupu. Lakini jina la serikali mdomoni mwa mtu si msaada wa serikali.

Basi, jibu letu ni hili: mtu asitoe dola 20. Mwambieni huyo ndugu aje kwenye mkutano na karatasi yenye mistari mitatu, kama ya yule mjane. Mwulizeni nani anamlipa ile nusu, na analipwa mbele au nyuma ya kazi. Mwulizeni bateri ikikufa nani atakuja, na mwezi wa njaa itakuwaje. Na mama mjane, au yule ambaye bwana yuko mbali, ataandikwa kwa jina lake mwenyewe? Akijibu kwa maandishi, tutapeleka karatasi hiyo kwenye ofisi ya serikali na kuuliza kama wanamjua. Asipojibu, likilimba ibaki ndani ya sanduku.

Pano tunaitaka, wamama. Watoto wetu wanasoma gizani. Lakini tuliona ng'ambo kwamba msaada wa kweli unamfikia mama kwanza kama taa, na makuta ya muuzaji yanafuata nyuma.