Aya ya 96

Kalemng'orok, Jumatano ya Majivu, 5 Machi 2025

Joto limetuwahi, kufikia saa tatu mabati ya kanisa yalishaanza kulia. Jumapili jumuiya inasoma Zaburi ya 119. Aya 176, mafungu 22 ya aya nane nane yanayofuata alfabeti ya Kiebrania. Mtunzi amejibana kuliko malenga yeyote wa Lamu, na katikati ya ufundi wote huo, aya ya 96, anasema hajaona kazi iliyotimia isiyokuwa na mwisho wake. Amri ya Mungu tu ndiyo hakufika ukingoni mwake.

Ijumaa, 7 Machi

Huku Turkana aya hiyo haihitaji mhubiri. Kiwanda cha samaki cha Kalokol kilijengwa kwa fedha za Norway, kikawa tayari mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kilikuwa kiwanda kizuri. Lakini kugandisha samaki kulikula pesa nyingi kuliko walizoingiza samaki wenyewe, kisha Ziwa Turkana likarudi nyuma na Ghuba ya Ferguson ikakauka. Septemba 2013 tukatangaziwa maji ya chini ya ardhi kule Lotikipi, ya kutosha nchi nzima kwa miaka 70. Yalipopimwa, chumvi tupu! Wengine hucheka. Mimi siwacheki wataalamu. Waliyajua mengi, na mengi si yote.

Jumapili, 9 Machi

Tumekaa chini ya mti wa ewoi. Nilipomaliza kueleza, bibi mmoja akaniuliza, "Katekista, kama amri haina mwisho, mimi nitapumzika lini?"

Swali lake si la mchezo. Shimo lake la maji kwenye mchanga wa laga, mto uliokauka, linamfika kifuani. Huchota kikombe kimoja, akangoja maji yajikusanye, akachota tena, hadi mtungi wa lita 20 ujae. Lori likiharibika barabarani, dereva na utingo humjia yeye.

"Leo nimewapa. Kesho wakija wengine?"

"Wape, mama."

"Na kesho kutwa?"

Wahubiri huisoma aya hiyo kama faraja. Mimi naiona mzigo pia. Mradi una siku ya kukabidhiwa, wageni wakala pilau na kuondoka. Amri ya kumnywesha mwenye kiu haina siku hiyo, na anayeibeba ana kikombe kimoja.

Nilitaka tuendelee na aya ya 97. Bibi amekataa, anasema hasogei mpaka ajibiwe, na nusu ya jumuiya iko upande wake.