Anza Chini, Panda Juu: Foki na Magurudumu ya Pikipiki za Kale za Mashindano

Pikipiki ya kale ya mashindano hujengwa kuanzia ardhini. Tairi huchaguliwa kwanza, kisha rimu inayolifaa tairi hilo, kisha habu, yaani kitovu cha gurudumu, na breki. Foki, yaani miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, huja mwisho, kwa kuwa ndiyo inayobeba matokeo ya maamuzi yote yaliyotangulia. Wajenzi wengi hufanya kinyume. Hununua foki kwa sababu inang'aa, au kwa sababu bingwa fulani aliwahi kuitumia, kisha humaliza msimu mzima wakihangaika na pikipiki inayotikisa usukani kila inapotoka kwenye kona. Sehemu kubwa ya kazi zilizopita katika gereji inayoelezwa hapa, mjini Birmingham, ilikuwa kuupindua tena mpangilio huo uliopinduliwa.

Gereji hiyo imefungwa na mwenyewe amestaafu. Alizaliwa Ng'ambo, Unguja, akajifunza kunyoosha rimu za baiskeli kwenye kibanda cha mjomba wake, akafika Uingereza akiwa kijana katika miaka ya 1960, wakati viwanda vya pikipiki vya huko vilipokuwa vikianza kuyumba. Kuhusu utoto, hayo yanatosha. La maana ni kwamba alichukuliwa kufagia gereji ya fundi mzee ambaye ujana wake ulipita katika kiwanda cha Norton cha Bracebridge Street, na baada ya muda akaruhusiwa kushika spana. Mzee hakuwa na maneno mengi na sifa zake zilikuwa adimu. Kanuni yake ilikuwa moja tu: anza chini, panda juu.

Tairi ndilo la kwanza kwa sababu ndilo lisiloweza kutengenezwa gerejini. Foki huchongwa, habu huchongwa, hata fremu huchomelewa upya, lakini tairi hutoka kiwandani au halipatikani. Kwa sehemu kubwa ya uhai wa Manx Norton, pikipiki ya mashindano ya kiwanda hicho cha Norton, magurudumu yote mawili yalikuwa ya inchi 19. Baadaye watengenezaji wa matairi ya mashindano walihamia inchi 18, na leo anayetaka mpira laini wenye umbo la kulalia kona hupata uchaguzi mpana zaidi katika kipimo hicho. Hata uchaguzi huo hauna dhamana ya milele. Kiwanda cha Avon kule Melksham, ambacho jina lake lilikuwa kwenye nusu ya pikipiki za kale zilizopanga mstari wa kuanzia, kilifungwa mwaka 2023. Mjenzi mwenye busara huuliza kwanza ni tairi gani litakalokuwepo dukani miaka mitano ijayo, ndipo atoe pesa ya rimu.

Upana wa rimu hufuata tairi. Rimu za aina ya WM2 zina upana wa inchi 1.85, na WM3 inchi 2.15. Tairi pana likibanwa kwenye rimu nyembamba, mgongo wake huchongoka, na mpanda pikipiki hulala kwenye kona akiwa juu ya ukanda mwembamba wa mpira. Likitanuliwa kupita kiasi, mgongo huwa bapa na pikipiki hukataa kulala, kisha huanguka kwa ghafla. Kati ya chuma na alumini hakuna mjadala: alumini ni nyepesi, na kila gramu inayopunguzwa kwenye ukingo wa gurudumu ina faida kuliko gramu iliyopunguzwa kwenye fremu, kwa kuwa ukingo huzunguka na pia hupanda na kushuka na kila shimo. Borrani za Italia na Akront za Hispania zilipendwa kwa ugumu wa kuta zao. Kasoro ya zile zenye mabega marefu ni kutunza maji na uchafu, jambo linalowaudhi wasafishaji kuliko wapandaji.

Kufunga spoku ndiko kunakomtambulisha fundi. Matundu ya rimu hayachimbwi wima. Kila moja huelekea upande wake, juu au chini, kushoto au kulia, kulingana na habu itakayotumika. Rimu iliyochimbwa kwa ajili ya habu ndogo ikifungwa kwenye drami kubwa ya breki, spoku hupinda shingoni zinapoingia kwenye nati zake, na hapo ndipo zitakapokatika. Gurudumu huwekwa kwenye stendi, kipimo cha saa kikigusa ukingo, na kazi haiishi mpaka mchezo wa pembeni na wa juu uwe chini ya nusu milimita. Kisha fundi hupita na spana ndogo akigonga kila spoku na kusikiliza. Zile za upande mmoja zinapaswa kutoa mlio unaokaribiana. Inayolia kwa sauti nzito imelegea, hata kama kipimo kinasema gurudumu limenyooka.

Baada ya hapo huja hatua ambayo vijana huiruka. Spoku zikishakazwa huvuta drami kutoka pande zote, na drami iliyokuwa duara kamili juu ya meza huacha kuwa duara. Mpandaji huhisi breki ikishika na kuachia kwa kila mzunguko, kisha analaumu bitana za breki. Dawa ni kulipeleka gurudumu lote, likiwa limekwisha kufungwa spoku, kwenye mashine ya kerezo na kuikwangua drami kidogo tu mpaka chombo kiguse uso wote. Bitana nazo huchongwa zifuate kipenyo kipya. Mzee wa Birmingham alikataa kuitoa pikipiki gerejini bila hatua hiyo, na wateja waliolalamikia bei aliwafungulia mlango.

Breki huamua mengi kuhusu foki. Drami ya upande mmoja hushikiliwa na mkono unaofungwa kwenye mguu mmoja wa foki, kwa hiyo wakati wa kufunga breki mguu huo pekee ndio unaopokea nguvu, na foki nyembamba hujipinda. Drami ya pande mbili, kama ile kubwa ya Fontana ya milimita 250, hugawa mzigo kwa miguu yote miwili, ila uzito wake ni mkubwa na springi lazima zijue hivyo. Diski ni nyepesi na haichoki upesi kwa joto, lakini si kila daraja la mashindano huiruhusu, na foki isiyokuwa na masikio ya kushikia kalipa haichomelewi masikio. Alumini ya zamani iliyochomelewa karibu na ekseli ni hatari tupu.

Foki zenyewe zina ukoo wake. Matchless waliingiza foki ya darubini, yaani ya mabomba yanayoingiana, yenye oili kwenye pikipiki zao za kijeshi za G3L mwaka 1941. Norton walikuwa na Roadholder, ambayo mwaka 1950 ilifungwa kwenye fremu ya Featherbed iliyobuniwa na Rex McCandless, na mpandaji Geoff Duke akashinda nayo mbio za Senior TT za Isle of Man mwaka huohuo. Baadaye Arturo Ceriani wa Italia alitoa foki ya mashindano yenye mabomba ya milimita 35, ikaonekana karibu kila mahali. Bomba la Roadholder ni jembamba kidogo kuliko hilo. Tofauti inaonekana ndogo, lakini ukuta ukiwa na unene uleule, ugumu wa bomba hukua kwa kipeo cha tatu cha kipenyo. Hata tofauti ndogo ya kipenyo huongeza ugumu kuliko inavyoonekana kwa jicho.

Hapa ndipo ulipozuka ubishi uliodumu miaka yote ambayo mzee na mwanafunzi wake, yule kijana wa Unguja, walifanya kazi pamoja. Mwanafunzi alitaka inchi 18 mbele na nyuma, kwa sababu ya tairi. Mzee alisema inchi 18 huharibu usukani. Ili kuelewa ubishi huo ni lazima kuijua treili: umbali, ukipimwa ardhini, kati ya pale ambapo mstari wa shingo ya usukani ungegusa barabara na pale tairi linapoigusa. Treili ndiyo inayolirudisha gurudumu katikati. Ikipungua sana, pikipiki huwa nyepesi kugeuka na haitulii kwenye mwendo. Ikizidi, huwa nzito kama mkokoteni wa mbao.

Kutoka inchi 19 hadi 18 nusu kipenyo hupungua milimita 12.7, matairi yakiwa na kimo kilekile. Shingo ikiwa na mlalo wa digrii 26, treili hupungua milimita 6 hivi. Hiyo ni pale magurudumu yote mawili yanapobadilishwa. Akibadilisha la mbele peke yake, mtu huishusha pua ya pikipiki, mlalo wa shingo hupungua kwa karibu nusu digrii, na milimita 3 nyingine za treili hupotea. Pikipiki nyingi zilizoletwa gerejini zikiwa na lawama kwamba foki ni mbovu zilikuwa na gurudumu la inchi 18 mbele na la 19 nyuma. Foki ilikuwa nzima.

Milimita 6 zinaweza kurudishwa. Ofseti, yaani umbali ambao mabano ya foki huyasogeza mabomba mbele ya shingo, ikipunguzwa milimita 5 na nusu, treili hurudi ilivyokuwa. Kwenye Ceriani kuna pia njia ya kurekebisha kimo, kwa sababu mabomba yake yananyooka mpaka juu na hubanwa kwa bolti, hivyo huweza kupandishwa au kushushwa. Roadholder haina nafasi hiyo: ncha ya juu ya bomba ni ya msonge na hukaa mahali pamoja tu kwenye bano la juu. Kwa hiyo mwanafunzi alichonga mabano mapya yenye ofseti ndogo.

Mzee hakukubali mpaka akafariki, na katika jambo moja alikuwa sahihi. Gurudumu kubwa hupita juu ya mabonde ya barabara kwa upole zaidi. Katika mzunguko wa Isle of Man, ambao ni barabara za kawaida zenye urefu wa kilomita 60 hivi, inchi 19 mbele bado ina hoja. Kwenye viwanja vifupi na laini vya mashindano haina.

Ndani ya foki hizi za kale, oili hupitishwa kwenye matundu madogo, na ukinzani wake hukua kwa mraba wa kasi. Ndiyo maana foki ileile huonekana laini mno wakati wa kufunga breki polepole na ngumu kama jiwe inapopiga kishimo kwa kasi. Oili nzito haiponyi ugonjwa huo, huuhamisha tu. Springi huchaguliwa kwanza: mpandaji akiwa amekaa, foki izame robo mpaka theluthi ya mwendo wake. Oili hufuata. Mabano hupimwa kwa kuweka kipande cha kioo bapa juu ya mabomba mawili. Kioo kikiyumba, bano limepinda. Na wakati wa kufunga gurudumu, nati ya ekseli hukazwa kwanza, foki husukumwa chini mara kadhaa mguu utafute mahali pake, ndipo bolti ya kubana ikazwe. Anayeikaza kabla ya hapo hujinunulia msuguano kisha hulaumu oili.

Wapo wanaofunga foki za milimita 38 za mwishoni mwa miaka ya 1970 kwenye fremu za 1962, wakitumaini wakaguzi hawatazijua. Ukiacha udanganyifu, foki ngumu kuliko fremu husogeza mpindo hadi kwenye shingo, na shingo ya Featherbed haikukusudiwa kwa mzigo huo.

Limebaki la magurudumu ya magnesi. Mpandaji Peter Williams aliyatumia kwenye pikipiki ya Arter Matchless kabla wengi hawajayawaza, na kampuni za Campagnolo na Dymag zikayaeneza katika miaka ya 1970. Yalikuwa mazuri yakiwa mapya. Magnesi huliwa na unyevu chini ya rangi, na nyufa zake huweza kuanzia ndani, kwenye kiungo cha mkono na habu, mahali ambapo jicho halifiki. Kijana anayeyapaka rangi mpya magurudumu yenye umri wa miaka 50 na kwenda nayo kwenye mashindano hachezi na maisha yake peke yake. Yupo anayemfuata nyuma yake. Vilabu vinavyodai cheti cha kofia vidai na cheti cha uchunguzi wa nyufa kwa kila gurudumu la magnesi, na lisilo na cheti lisipite ukaguzi.